Ukitoka Kisumu ukifika Nairobi, wacha samaki kwanza: hapa ndio ukule

Kila mtu wa huku kwetu akisema kesho anapanda Nairobi, swali likishatoka kwa "utalala wapi" linaingia "utakula wapi", na jibu huwa ni lile lile, enda ukule samaki pale kwa watu wetu. Sasa mimi huuliza tu, mtu anakaa Kondele hapa Kisumu, ufuo wa wavuvi wa Dunga uko hapo na boda, ngege anatolewa majini asubuhi mchana ako kwa sahani, halafu huyo mtu asafiri zaidi ya kilomita 300 akakule samaki yule yule, saa hii amelala kwa barafu usiku mzima na bei imepanda? Kwangu hiyo haiingii. Nairobi enda ukule vitu huku hatuna, ama tuko navyo lakini tukubali tu hatuviwezi. Na naongea na mtu wa kawaida, ameenda kushughulikia makaratasi ama kununua mzigo wa duka ama kuona mgonjwa, si mheshimiwa wa kulala hoteli ya nyota tano.

Tuanzie njiani. Kama uko na gari ya mtu ama ile matatu ya shato inakubali kusimama, Kikopey ndio pahali, ukishapita Nakuru kabla ya Gilgil, hapo juu ya Ziwa Elmenteita. Ni mabucha yamepangana kando ya barabara kuu na vijana wanaruka mbele ya gari wakipunga mkono kama askari wa trafiki, usiogope, hao ni wa kuita wateja tu. Shuka, ingia ndani, chagua mbuzi na macho yako, na usiende kukaa kabla hujaona kipande chako kikipimwa. Nyama yenyewe ni tamu sana, sina neno, shida ni muda, choma ya ukweli haiharakishwi, sasa kama gari ni ya abiria na dereva ameshaanza kupiga honi utabeba nyama nusu mbichi kwa karatasi. Watu wa Nakuru hujigamba hiyo ni yao, wacha wajigambe, wamebahatika.

Sasa taoni. Kama nina mlo mmoja tu Nairobi, naenda Malindi Dishes, iko Gaberone Road, zile barabara za kando ya Luthuli penye watu wetu huenda kununua tivi, spika na simu za jumla. Kwa hivyo huna haja ya kutoka njia yako. Ni chakula cha Waswahili, pilau, biriani, samaki wa nazi, maharagwe ya nazi, chapati laini. Na hapa ndio nasema huku hatuviwezi, pilau ya Kisumu mara nyingi ni wali tu umewekwa royco na rangi, na biriani ukipata ujue kuna harusi. Pale pilau inanukia bizari na karafuu kabla hujaketi, na biriani mchuzi unakuja na ule uzito wake wa vitunguu vimekaangwa hadi vikaisha. Usitarajie maua mezani. Saa saba mchana kunajaa, unaonyeshwa kiti kwa meza ya watu huwajui, mnasalimiana, kila mtu anainama kwa sahani yake, na ukimaliza unaona mwingine amesimama nyuma yako anangoja hicho kiti, usichukulie vibaya. Hakuna pombe, kwa hivyo kama wewe chakula bila kinywaji kikali hakishuki, hiyo si yako. Mimi ushauri wangu fika kabla ya saa sita na nusu ama ungoja saa nane ipite. Na maharagwe ya nazi na chapati ni ya mtu amebaki na pesa kidogo, unashiba sawa tu na yule wa biriani.

Karibu na hapo, ukivuka kuelekea msikiti wa Jamia, kuna Al-Yusra kwa Banda Street, hiyo ni upande wa Kisomali zaidi. Wali umejaa sinia, nyama ya mbuzi laini unaitoa kwa mfupa na vidole, na ndizi. Ndizi mbivu. Najua kuna mtu atasoma hapa aulize ndizi ni ya baadaye kama matunda, hapana, unaimenya unaila pamoja na wali, tonge la wali, kipande cha ndizi, na usikunje uso kabla hujajaribu. Ukipenda hiyo sasa ndio upande matatu ya namba 6 ama 9 uende Eastleigh kwenyewe, mtaa wa Wasomali, huko unapata nyama ya ngamia na chai ya maziwa imetiwa viungo, na unaweza nunua nguo za watoto ukiwa njiani kurudi. Ijumaa mchana epuka, saa ya swala watu wanafunga wanaenda msikitini na wewe utasimama nje na njaa yako.

Kenyatta Market nataka niiongee polepole kwa sababu wengi wetu tunaijua kwa sababu mbaya. Hospitali kuu ya Kenyatta iko hapo karibu, na ukoo mzima ukitoka Siaya ama Vihiga kuja kuona mgonjwa, mnakaa nje ya wodi tangu asubuhi mnangoja saa ya kuingia, mnakula mandazi na soda, hadi jioni. Wacheni hiyo. Tokeni mtembee hadi sokoni, si mbali. Utapitia kwa akina dada wa kusuka nywele, watakuvuta mkono hata kama wewe ni mwanaume kipara, cheka tu upite, ndani ndio kuna majiko ya nyama choma yamejipanga. Moshi ni mwingi, nguo itanuka hadi kesho, lakini nyama inaletwa kwa ubao, inakatwa mbele yako, chumvi kando, kachumbari, ugali. Mkiwa watu wanne kilo moja na nusu na ugali mbili ni sawa kabisa. Mwenye jiko atakuambia "kastoma, niongeze kidogo tufunge kilo mbili?", mwambie hapana asante, hiyo "kidogo" ndio biashara yake. Bei uliza kabla nyama haijapanda jikoni, na uulize kama ugali na kachumbari ziko ndani ya hiyo bei ama zinalipiwa kando, hapa ndio bili huvimba.

Burma nayo, ile ya karibu na City Stadium, ni nyama pia, watu wa Industrial Area na Jogoo Road ndio wanaijua vizuri. Kama shughuli zako ziko upande huo sawa, kama haziko usijisumbue, Kenyatta Market inatosha.

Kwa chakula cha Wahindi watu huenda Diamond Plaza kule Parklands. Onyo moja tu, ukiingia penye meza za kulia utavamiwa na maweita wa vibanda tofauti, kila mmoja anakuwekea menyu yake mkononi, kabla upumue uko na menyu saba. Keti, chagua moja, rudisha zingine kwa upole, wataondoka. Agiza chipsi masala, agiza kuku wa tikka, na miwa ya kukamua. Sisi watu wa Kisumu Wahindi tumekaa nao tangu reli ifike ziwani 1901 kwa hivyo bhajia si ngeni kwetu, lakini chipsi masala ya huko ina ukali wake, inachoma midomo na bado mkono unarudi.

Carnivore, Langata Road, iko tangu 1980 na kila mgeni wa nje hupelekwa hapo. Nyama inaletwa kwa panga refu, weita anakukatia mezani, anaendelea kukuletea hadi ushushe ile bendera ndogo ya mezani kuonyesha umesalimu amri. Wanyama wa porini walipigwa marufuku kitambo, siku hizi ni mamba na mbuni wa kufugwa na zile nyama zetu za kawaida. Ni raha, sikatai, lakini ni ya kwenda kama mtu mwingine ndiye analipa, mfano shemeji yako wa ng'ambo amekuja likizo. Na usile chochote tangu asubuhi. Java, zile mkahawa za kahawa, sisemi kitu, iko hadi Kisumu.

Kitu cha kuepuka, zile hoteli za juu ya ngazi karibu na steji za mabasi. Kuna moja, jina nitaweka kwangu, niliketi nikaagiza chipsi kuku, kuku akaja amekauka vile unajua huyu alipashwa moto zaidi ya mara moja, na nikiuliza naambiwa ndio amechinjwa leo. Mgeni wa mabegi ndiye wanamvizia, wanajua hutarudi. Afadhali smokie, ile soseji ya mkokoteni, na kachumbari barabarani, angalau unaona ikipashwa moto mbele yako. Mutura pia jioni, ule utumbo umejazwa nyama na damu ukachomwa, lakini chagua jiko lenye foleni ya watu wa hapo.

Sasa mtaniuliza, kwa hivyo samaki kabisa usile? Kuna wakati. Umekaa wiki mbili, umechoka na wali, unataka ugali wa wimbi na mtu wa kukusalimia kwa lugha ya nyumbani. Hapo Ranalo Foods kwa K'Osewe, Kimathi Street, ni sawa, na hata Mama Oliech kule Marcus Garvey Road, Kilimani, hiyo ilianzishwa na mamake Dennis Oliech aliyechezea timu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, na ndiko Mark Zuckerberg alipelekwa 2016 akala ngege na ugali, picha zikazunguka hadi tukachoka. Lakini Ranalo mimi siagizi samaki, naagiza aliya, ile nyama ya kukaushwa juani halafu inapikwa hadi inalainika, na osuga, yaani mboga ya mnavu, imelala kwa maziwa. Huku mjini Kisumu kupata aliya nzuri siku hizi lazima ujue mama fulani mahali fulani, pale inakaa kwa menyu kila siku.

Na popote pale Nairobi weita akikuambia samaki ni freshi kabisa, muulize ametoka ziwa gani, kwa sababu samaki wa China wa kugandishwa wamejaa nchi hii na ukishakaanga nje huwezi jua. Akijibu haraka "Homa Bay" ama "Usenge", hizo ni za kando ya ziwa letu, agiza. Akianza kuangalia jikoni kabla ya kujibu, agiza kuku.