Ki-100: Ndege Iliyopoteza Kasi Ikapata Injini

Karibuni tena, watazamaji wapendwa. Mezani leo nina mfano wa plastiki wa Kawasaki Ki-100, ndege ya kivita ya Jeshi la Nchi Kavu la Japani ya mwaka 1945. Urefu wa mabawa na idadi ya mizinga sitaisoma, kwa kuwa imeandikwa kwenye boksi na wengi wenu mnaijua kwa moyo. Mimi nimekuja kwa ajili ya pua yake.

Pua hii si ya kuzaliwa nayo. Bodi ni ya Ki-61, ndege ya Kawasaki iliyoitangulia, iliyotumia Ha-40, injini ya silinda 12 iliyopoozwa kwa maji na kutengenezwa kwa leseni ya Daimler-Benz DB 601 ya Ujerumani. Krenki yake ndefu (mhimili unaozungushwa na pistoni) na beringi zake zilidai usahihi ambao viwanda vya Japani vilishindwa kuufikia wakati wa vita, na huko Guinea Mpya mwaka 1943 ziliwatesa mafundi kupita kiasi. Toleo la pili, Ki-61-II, likapewa injini ya Ha-140 ya nguvu farasi 1,500, nayo ikawa na maradhi makubwa kuliko ya mtangulizi wake: katika bodi 374 zilizoundwa, 99 tu ndizo zilizopata injini. B-29, ndege kubwa za Marekani za kudondosha mabomu, zilipokishambulia kiwanda cha Kawasaki cha Akashi, Japani, tarehe 19 Januari 1945, chanzo chenyewe cha injini hizo kikaharibiwa.

Zilibaki bodi 275 zisizo na injini. Dawa ilikuwa Ha-112-II ya Mitsubishi, injini ya radiali ya silinda 14 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili, inayopoozwa kwa hewa na yenye nguvu zilezile 1,500. Krenki yake ni fupi, rejeta haina, na risasi moja haiwezi kuimwagisha maji ikafa angani.

Sasa naomba kamera isogee karibu, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Naweka rula nyuma tu ya injini: bodi ina upana wa milimita 17 na nusu. Naisogeza mbele hadi kwenye kifuniko cha injini: zaidi ya milimita 25. Katika ndege halisi, bodi ya sentimita 84 ilibebeshwa injini yenye kipenyo cha sentimita 122, kama sufuria iliyofunikwa kwa sinia, na kila upande ukabaki ukingo wa sentimita 19 hivi. Hewa inayopita kwa kasi ikiukuta ukingo wa namna hiyo huvurugika nyuma yake na kuivuta ndege kinyumenyume. Wahandisi wa Kawasaki waliichunguza Focke-Wulf Fw 190A, ndege ya kivita iliyoletwa kutoka Ujerumani, ambayo nayo ilikuwa na injini nene kwenye bodi nyembamba. Tazameni suluhisho walilojifunza kwake, hapa ubavuni mwa Ki-100: paipu za ekzosi zimepangwa palepale kwenye ukingo, zikielekea nyuma, ili moshi unaotoka kwa kasi uijaze sehemu ambayo hewa ingevurugika, huku mabati yaliyopindwa yakilainisha sehemu iliyobaki. Moshi, ambao kwingineko ni taka tu, hapa umepewa kazi. Ningeweza kuutazama ubavu huu hadi jioni.

Ndege iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Februari 1945. Kasi ilishuka kutoka kilomita 610 kwa saa hadi 580, na mtu anayesoma takwimu pekee angeiita hasara. Lakini uzito nao ulipungua kwa takriban kilo 330, ndege ikapanda na kukata kona vizuri zaidi, na juu ya yote injini iliwaka kila ilipohitajika. Wasovieti walikuwa wameshapita njia hiyo mwaka 1942, pale mbunifu wao wa ndege, Lavochkin, alipoipa ndege yake ya LaGG-3 injini ya radiali ikawa La-5, ndege ambayo video yake inafuata katika chaneli hii.

Hata hivyo, sifa zangu zinapungua kadiri tunavyopanda juu. Kule kwenye mita 9,000, ambako B-29 zingeweza kuruka, hewa ni nyepesi na supachaja ya Ha-112-II, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, haikutosha kuilisha injini. Ki-100-II yenye tabo, pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa ekzosi, ilikusudiwa kuliponya tatizo hilo, ila ziliundwa tatu tu za majaribio. Wajerumani kwa sababu hiyohiyo walienda upande wa pili: Fw 190D ya mwaka 1944 iliiacha radiali ikachukua injini ya Jumo 213 ya kupoozwa kwa maji. Kwa hiyo anayeniuliza radiali ni bora au si bora, nami namuuliza kwanza anapigana kwenye kimo gani.

Kuhusu bei ya mfano huu, naiona imezidi kidogo, hasa kwa kuwa aliyeutengeneza ameziacha paipu za ekzosi zikiwa zimezibwa. Ukiununua, zitoboe kwa keekee nyembamba kabla ya kubandika kifuniko cha injini, maana baada ya hapo mkono haufiki.