Mifuko ya sarafu ya benki: nimechambua sita, je, muda unalipa?

Nina duka la rejareja Chikongola, hapa Mtwara Mjini. Mwenye duka akikosa chenji ni sawa na kukosa maji ndani ya nyumba: asubuhi ikianza bila mia mbili na bila hamsini, utagawa pipi na viberiti mpaka wateja wakununie. Kwa hiyo kwenda benki kuchukua sarafu ni kazi yangu ya miaka mingi. Kilichobadilika safari hii ni kwamba sikuzimwaga kwenye droo kama kawaida. Nilizipanga mezani usiku baada ya kufunga duka, nikazisoma moja moja, mifuko sita mizima.

Aliyenitia hamu ni mtoto wa dada yangu aliyeko Marekani. Anajua napenda hela za zamani, akanipigia siku moja: "Mama mdogo, huku watu wanapata fedha benki." Nikadhani anasema pesa. Alikuwa na maana ya fedha yenyewe, madini. Wenzetu kule wanakwenda dirishani, wanabadilisha noti kwa vibunda vya sarafu vilivyoviringishwa kwa karatasi, wanakwenda navyo nyumbani kuvichambua. Kibunda cha nusu dola kina sarafu 20, yaani dola 10. Nusu dola ya mwaka 1964 kurudi nyuma ina fedha asilimia 90, na za 1965 hadi 1970 zina asilimia 40. Ukiikuta moja, umeilipia nusu dola tu, na madini yaliyomo yanazidi bei hiyo mara nyingi. Zisizo na kitu wanazirudisha benki, wanachukua nyingine.

Nilimuuliza swali ambalo ndilo lililonisaidia baadaye: hizo za 1964 zinafikaje benki hadi leo? Akasema hazikuwahi kufutwa. Bado ni hela halali. Babu anafariki, mjukuu anakuta kopo, anapeleka benki bila kuangalia mwaka, keshia anazipokea, na zinaingia kwenye vibunda. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Huku kwetu hakuna kibunda cha karatasi. Tawi ninalolitumia linanipa sarafu kwenye mfuko wa plastiki. Nilichukua miwili ya mia mbili (sarafu 500 kila mmoja, laki moja), miwili ya mia (sarafu 500, elfu hamsini), mmoja wa jero (sarafu 200, laki moja) na mmoja wa hamsini (sarafu 500, elfu ishirini na tano). Jumla sarafu 2,700 zenye thamani ya shilingi 425,000. Nilikwenda mara nne, na bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa elfu mbili kila safari. Keshia wa pili aliniuliza, "Mama, chenji zote hizi za nini?" Nikamwambia duka, akaridhika. Mfanyabiashara hapati shida kuomba sarafu. Asiye na biashara, sidhani watamchekea mara ya tatu.

Huduma yenyewe: siku za katikati ya wiki, asubuhi, nilihudumiwa haraka. Ila mfuko wangu wa nne ulipungua sarafu tatu. Niligundua nyumbani, na ukishatoka mlangoni huna la kudai. Sasa nahesabu hapo hapo kaunta, hata watu wa nyuma wakiguna. Na msiende wakati wa malipo ya korosho. Kuanzia Oktoba mkulima wa Tandahimba na Newala yupo mjini kuchukua jasho lake, foleni inafika nje, na si haki kumsimamisha mtu huyo juani kwa sababu yako unataka mfuko wa hamsini.

Nikaanza na mia mbili, ile ya Mzee Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Mfuko wa kwanza ulinila saa mbili kamili. Macho yalikuwa hayajazoea, nilikuwa nasoma kila kitu. Kufikia mfuko wa tatu nilishajua pa kutazama, nikatumia dakika hamsini. Miaka niliyoikuta ni mitatu tu: 1998, 2008 na 2014. Za 1998 nyingi zimesagika hadi manyoya ya simba hayaonekani, na hilo lenyewe lilinigusa, kwa sababu kila sarafu imepita kwenye vidole vya watu wangapi hadi ikawa laini namna ile? Nilichagua nzuri moja ya kila mwaka, nikaziweka pembeni. Ndani ya mfuko huo huo ndipo nilipopata kitu nilichokipenda kuliko vyote: sarafu ya Msumbiji, metikali 2, imejificha katikati ya za kwetu. Ina picha ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka zamani za zamani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na samaki huyo huyo wavuvi wa pwani yetu wamekwishamnasa. Imevuka Ruvuma na mtu, ikaingia sokoni, keshia akaipokea kama mia mbili, ikanifikia mimi. Dukani haina kazi. Kwangu mimi siiuzi.

Mifuko ya mia ilikuwa kazi ngumu zaidi kwa macho. Ni ile ya Mwalimu na swala wanaokimbia, rangi ya shaba nyeupe, na ikichakaa inakuwa nyeusi, mwaka unaupata kwa kuinamisha sarafu kwenye taa. Nilikuta za 1993, 1994, 2012 na 2015. Kati ya sarafu 1,000, za mwaka 1993 nilipata chache sana, na hakuna hata moja niliyoweza kuiita safi. Lakini humo nilipata yenye kasoro ya kiwandani. Namna ya kuitambua ni rahisi, na mwanangu wa kidato cha pili aliishika kwa dakika moja: ibane sarafu juu na chini kwa vidole viwili, uso wa Mwalimu ukiwa wima, kisha izungushe uone upande wa pili umekaaje. Zote zilikaa namna moja. Moja tu swala wake walikuwa wamepinda, kama wanapanda mlima. Mitambo ilikaa vibaya siku ile ilipopigwa. Hii pia nimeihifadhi, na aliyeigundua ni mtoto, si mimi.

Mfuko wa jero niupitie haraka. Sarafu 200, zote 2014. Hii ndiyo ilitolewa kuchukua nafasi ya noti ya mia tano iliyokuwa inachakaa upesi kwa sababu ya kupita mikono mingi. Ina Karume, ina nyati, ina alama iliyofichwa inayobadilika ukiichezesha kwenye mwanga. Ni sarafu nzuri kwa macho, lakini mwaka ni mmoja, hakuna cha kuchambua. Chukua kwa ajili ya chenji, hesabu, weka droo.

Wa hamsini ndio nausifu. Hamsini yenye pembe saba, ina Mzee Mwinyi, na nyuma kifaru na mtoto wake. Mtaani imekuwa adimu, watu wanaiona haina thamani, inaanguka hakuna anayeinama. Kwa sababu hiyo benki nilipata mchanganyiko ambao haujatembea sana: 1996, 2012 na 2015, na za 2015 nyingine zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Nilipata seti nzima safi kwa saa moja. Na zilizobaki, sarafu mia nne na tisini na ushee, ziliokoa duka langu mwezi mzima. Mteja akinunua kibiriti na chumvi namrudishia hamsini yake, hela halali, si pipi.

Sasa fedha, yale madini. Hakuna. Hata punje. Sababu ndiyo lile nililosema mlishike. Shilingi yetu yenye fedha ilikuwa ya Afrika Mashariki ya wakati wa mkoloni, yenye simba na milima. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo ya fedha, na kuanzia 1948 zikawa shaba na nikeli tupu. Benki Kuu yetu ilipoanza kazi mwaka 1966 ikatoa sarafu zake, na zile za zamani zikaondolewa kwenye mzunguko. Sarafu hizo mpya za 1966 hazikuwa na fedha hata kidogo. Kwa hiyo mlango ambao kule Marekani umebaki wazi, wa kopo la babu kurudi benki, kwetu ulifungwa zamani. Ukimpelekea keshia shilingi ya 1924 leo atakurudishia. Haiingii kwenye mfuko, na kisichoingia hakitoki. Niliwaza hili baada ya mfuko wa pili, lakini nikaendelea ili nisiseme kwa kukisia.

Nina shilingi moja ya 1924, ya bibi yangu wa Mikindani. Aliifunga kwenye ncha ya kanga pamoja na senti za tundu alizozitunga kwa uzi. Nilipokuwa msichana niliisugua kwa ndimu na majivu ili ing'ae kwa ajili ya sikukuu. Iling'aa, na ngozi yake yote ikaondoka. Simba amebaki kama kivuli. Inaniuma hadi leo, kwa hiyo nawaomba: sarafu ya zamani usiisugue. Maji, kitambaa laini, basi.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwaelekeza wenye hamu kama yangu. Katikati ya majaribio haya nilikwenda Mikindani kumtembelea mzee mmoja aliyewahi kuwa na duka karibu na boma la Mjerumani. Alinitolea kopo la maziwa ya unga. Ndani yake senti tano ya samaki, senti kumi ya pundamilia, senti ishirini ya mbuni, sumuni (senti hamsini) ya sungura, shilingi ya mwenge ya 1966, na dala tatu zenye pembe kumi, ile shilingi tano iliyoyapa daladala jina. Tulikaa saa moja na kahawa, akanieleza kila moja ilinunua nini enzi zile. Nilimpa elfu kumi, akakataa, nikamwachia mkewe. Saa hiyo moja ilinipa aina sita ambazo mifuko sita ya benki haiwezi kunipa hata nikichambua mwaka mzima. Ulizeni wazee, ulizeni wanaofungua masanduku ya marehemu, ulizeni mafundi cherehani wenye makopo ya vifungo.

Jambo moja tu tuwe makini. Kuna vijana huku Kusini wanatembeza sarafu ndogo za shaba wanazosema ni za Kilwa. Nyingine ni za kweli, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe miaka mingi kabla ya Mreno, na maandishi yake ya Kiarabu yana vina, ubeti umeanzia upande mmoja ukamalizikia wa pili. Moyo wangu unazitamani kweli. Lakini vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kila moja ikichimbuliwa kienyeji Kilwa Kisiwani inapoteza habari ya mahali ilipolala. Sinunui, na ukiokota, peleka kwa watu wa Mambo ya Kale.

Hesabu yangu ya mwisho ni hii. Nilitumia takriban saa saba na shilingi elfu nane za bodaboda. Nilibaki na sarafu kumi na mbili za kutunza, ambazo kwa thamani ya kutumia hazifiki elfu mbili, na metikali 2. Kama unatafuta faida ya pesa, usianze: kwa saa saba mimi ningefunga sukari ya robo robo ya wiki nzima. Kama una duka na chenji unazihitaji vilevile, basi uchambuzi hauna gharama kubwa, hasa ukiwa na mtoto mwenye macho makali anayejifunza miaka na wanyama kwa kuvishika. Mimi ya hamsini nitaendelea kuichukua na kuichambua kila nikipata. Ya mia nitaipitia nikiwa na nafasi. Ya jero naihesabu tu.

Bado sijapata mia ya 1993 yenye swala wanne wanaoonekana masikio. Mwenye nayo hapa Mtwara au Lindi apite dukani, nitambadilishia kwa hamsini za 2015 zinazong'aa, tano kwa moja.