Rojo ya karatasi: kupika kwa dawa au kusaga kwa mashine?

Mti ni nyuzi zilizogandishwa na lignini, gundi ya asili ya mti. Ili upate rojo, yaani uji wa nyuzi unaotengenezewa karatasi, lazima nyuzi ziachane: ama uiyeyushe lignini, ama uzitenganishe kwa nguvu.

Kupika (krafti) ndiyo njia ya kiwanda cha Mgololo, Mufindi, Tanzania. Vipande vya misindano huchemshwa kwenye tangi la shinikizo pamoja na soda kali na salfaidi ya sodiamu, kwa nyuzijoto 160 hadi 170. La kuangalia kuliko yote ni unene wa kipande. Kikizidi milimita 8 hivi, dawa haifiki katikati. Nje kimelainika, ndani bado ni ukuni, na vinundu vinajaa kwenye chujio. Ukiongeza muda ili viive, vipande vyembamba vinapikwa kupita kiasi na nyuzi zinadhoofika. Karibu nusu ya mti huyeyuka. Hata hivyo haipotei bure: maji meusi yanayobaki huvukizwa mpaka yawe mazito, kisha huchomwa kwenye boila, mvuke unaendesha kiwanda na kemikali zinarudishwa kazini. Bila boila hiyo, krafti haina faida kabisa.

Kusaga kati ya sahani za chuma huokoa zaidi ya asilimia 90 ya mti, ila hula umeme mwingi, nyuzi nyingi hukatika, na lignini iliyobaki huifanya karatasi iwe ya njano ikipigwa na jua. Kwa gazeti inatosha. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, pika.