Manukuu kwenye video bila matangazo: kipi cha kuweka, kipi cha kulipia, kipi cha kuacha dukani

Faili la manukuu, yale maandishi ya chini ambayo wengi huyaita sabtaito, ni maandishi matupu. La filamu ya saa mbili kwa kawaida halifiki hata KB 200. Ukilifungua kwa programu yoyote ya kuandikia utaona hivi:

214
00:21:07,300 --> 00:21:09,850
Funga mlango, wanakuja.

Namba, saa ya kutokea, saa ya kutoweka, kisha maneno. Basi. Kwa hiyo anayetaka usakinishe programu ya MB 60 ili akupe faili kama hili, au akupitishe kwenye matangazo manne kwanza, biashara yake si manukuu. Hapa tumezipanga njia kwa mtu wa Tanga mwenye simu ya Android au laptopu, bando la kupimia, na televisheni ya sebuleni ambayo huenda haina intaneti. Tumetazama matangazo, usalama, na kama njia inakuruhusu kuweka faili lako mwenyewe, maana manukuu ya Kiswahili mara nyingi itabidi uyatafute au uyatengeneze.

Ya kwanza: VLC, bila kulipa kitu

VLC ni programu ya kuchezea video, na haina tangazo hata moja, kwenye simu wala kompyuta. Kwa kompyuta ipakue videolan.org tu, kwenye Play Store hakikisha mtoaji ameandikwa Videolabs. Ukiitafuta kwa Google ukabonyeza tangazo la juu kabisa, unaweza kupata kifurushi chenye VLC pamoja na vikorokoro vitatu usivyoviomba.

Fundi akikuwekea VLC kutoka kwenye flash yake, iapdeti siku hiyohiyo. Mwaka 2017 watafiti wa Check Point, kampuni ya usalama wa mtandao, walionyesha kwamba faili la manukuu lililotungwa kwa hila lingeweza kumpa mdukuzi kompyuta nzima kupitia VLC na programu nyingine za kutazamia video: Kodi, Stremio na Popcorn Time. Matundu hayo yalizibwa, ila yamezibwa kwenye matoleo ya baadaye, si kwenye lile lililolala kwenye flash miaka yote hiyo.

Video ikiwa kwenye kompyuta, lipe faili la manukuu jina lilelile la video na uyaweke folda moja: harusi.mp4 na harusi.srt. VLC italichukua lenyewe. Video ikiwa ya mtandaoni, bonyeza Ctrl na N, bandika linki, icheze, kisha buruta faili la .srt uliangushe juu ya picha. Linki iwe ya video yenyewe, kwa kawaida inaishia na .mp4 au .m3u8. Linki ya ukurasa wa tovuti haichezi, na ya Netflix haitacheza kabisa kwa sababu video zao zimefungwa kwa ufunguo.

Maneno yakiwahi kabla ya sauti, bonyeza H. Yakichelewa, bonyeza G. Kila mbonyezo husogeza milisekunde 50, yaani mibonyezo 20 ni sekunde moja. Kwenye simu gusa skrini, fungua menyu ya manukuu, utaona pa kuchagua faili na pa kusogeza muda.

Kuna kosa jingine ambalo H na G haziliponyi. Unarekebisha mwanzo, maneno yanapatana na midomo, halafu kufika nusu saa yameachana kwa zaidi ya dakika nzima. Hapo faili lilitengenezwa kwa video ya picha 25 kwa sekunde, yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Tofauti ni kama sekunde mbili na nusu kwa kila dakika, na inazidi kujilimbikiza. Tafuta faili la toleo lako hasa (linganisha jina la faili la video na jina la manukuu, herufi kwa herufi), au libadilishe kasi kwa Subtitle Edit, programu ya bure ya Windows.

Kuhusu mahali pa kupata mafaili: OpenSubtitles ndiyo hazina kubwa, na VLC ya kompyuta inaweza kuitafuta ndani kwa ndani kupitia VLsub, kiongezi kilichomo humo, bila wewe kuyaona matangazo ya tovuti. Ukifungua akaunti, tumia nywila usiyoitumia popote pengine. Agosti 2021 tovuti hiyo iliibiwa taarifa za watumiaji karibu milioni 7, na nywila zilikuwa zimehifadhiwa kwa njia dhaifu. Mtu aliyetumia nywila ya barua pepe yake humo alijifungulia mlango mwenyewe.

Ukipakua, unatarajia .srt, .vtt, .ass au .zip. Ukikuta .exe, .scr au .apk, futa. Windows huficha herufi za mwisho za jina, hivyo filamu.srt.exe huonekana kama filamu.srt na mtu akaibonyeza kwa moyo mweupe. Washa mpangilio wa kuonyesha aina ya faili kwenye dirisha la mafaili kabla hujaanza kupakua chochote. Mpangilio huohuo utakuokoa na filamu.srt.txt, faili ambalo huenda lisichukuliwe kama manukuu na wewe huelewi kwa nini.

Ya pili: huduma yenye manukuu yake

Kama unalipia Netflix au unatazama YouTube, huhitaji kuongeza kitu. Kwenye YouTube ya kompyuta bonyeza alama ya gia, ingia kwenye manukuu, chagua tafsiri ya kiotomatiki, kisha Kiswahili. Inasaidia, ila usiitegemee kwa mambo ya maana. Mashine hutafsiri kipande kwa kipande. Mtu anaonyesha mti, anapiga kelele kwa Kiingereza kwamba unaanguka, na chini yanatokea "inaanguka", kwa sababu mashine haijui kinachoanguka ni nini. Nahau ndiyo usiseme: mtu amekufa, wewe unasoma kwamba amepiga teke ndoo.

Fedha hapa inaliwa na bando kuliko ada. Netflix wenyewe wanakadiria hadi GB 0.7 kwa saa kwa ubora wa kati na hadi GB 3 kwa ubora wa HD. Ukiweka kiwango cha chini kabisa, GB 0.3, picha inafifia lakini maandishi ya chini yanabaki kusomeka, jambo ambalo wenye simu za skrini ndogo hulifurahia.

Tumeiweka ya pili kwa sababu moja: huwezi kuingiza faili lako mwenyewe kwa urahisi. Tamthilia za Kituruki zinaonyeshwa kwenye televisheni za nyumbani zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili, lakini ukizifuata zenyewe mtandaoni, mara nyingi Kiswahili hupati.

Ya tatu: Firefox pamoja na uBlock Origin

Hii ni ya video zinazochezea ndani ya kivinjari. uBlock Origin ni kiongezi, programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari, kinachozuia matangazo. Firefox ya Android inapokea viongezi, Chrome ya simu haipokei. Ndiyo maana tunasema Firefox. Andika jina lote, uBlock Origin, kwa maana kuna uBlock nyingine isiyo na Origin na si kitu kimoja. Kwenye Chrome ya kompyuta sasa limebaki toleo jepesi tu, lenye neno Lite mwishoni, nalo si kali kama lile kamili.

Kiongezi cha kuweka manukuu juu ya video ndicho cha kuangalia kwa jicho kali. Karibu vyote huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila ukurasa unaoufungua, na ukurasa wa benki umo. Weka kimoja tu, kiruhusu kwenye tovuti ya video pekee, na ukimaliza kizime.

Na tovuti ikikuuliza kama uruhusu arifa, kataa. Wanaopeleka simu kwa fundi pale Ngamiani wakisema ina virusi, matangazo ya uchi yanaruka hata kivinjari kikiwa hakijafunguliwa, wengi wao walibonyeza "Ruhusu" siku moja wakitafuta filamu. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya arifa, futa kila tovuti usiyoijua. Ni kazi ya dakika mbili na haina haja ya kulipiwa.

Ya nne: MX Player Pro

Hii nayo ni programu ya kuchezea video kwenye simu. Toleo la bure lina matangazo, la Pro unalipa mara moja na hayapo. Inafaa kama simu yako ya zamani inakwama kwenye VLC, kwa sababu inakuachia kubadilisha namna ya kusoma video kwa mguso mmoja. La Pro lililochakachuliwa, linalosambazwa kama .apk kwenye magrupu, usilipokee hata kama anayelituma ni binamu. Ukikosa kadi ya kulipia, bora VLC.

Ya tano: maandishi ya papo hapo ya Android

Simu nyingi mpya zinayo: bonyeza kitufe cha sauti, tazama alama ndogo chini ya mstari wa sauti. Husikiliza kinachosemwa na kukiandika, bila intaneti. Kiingereza inakiweza, Kiswahili hakimo. Kwa mzee asiyesikia vizuri lakini anayesoma Kiingereza ni neema. Kwa wengine haina kazi.

Kwa televisheni isiyo na intaneti

Nunua flash, si boksi la Android. Video na .srt zenye jina moja, folda moja, na flash iformatiwe kwa mfumo wa FAT32 kama televisheni ni ya zamani. Kumbuka FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4. Hifadhi manukuu kwa UTF-8, namna ya kuhifadhi herufi unayoichagua unaposevu faili. Kiswahili hakina herufi ngeni, ila ile alama ya ng' ikiandikwa kwa mkia wa kupinda hugeuka takataka kwenye televisheni isiyojua UTF-8, na ng'ombe anatokea kama ngâ€™ombe. Tumia alama iliyonyooka.

Yale maboksi ya Android yasiyo na jina, yenye "filamu zote duniani na manukuu ndani", yaache hapohapo kwenye shelfu. Mwaka 2023 aina moja, T95, iligunduliwa kuja na programu hasidi tangu inapotoka dukani, na Juni 2025 FBI ya Marekani ilionya kuhusu vifaa vya namna hiyo vilivyoambukizwa programu hasidi ya BADBOX 2.0, vinavyotumia intaneti ya mwenye nyumba kwa kazi za wahalifu. Kulirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, maana kiwandani ndiko lilikotoka nayo.