Miaka 12 baada ya upasuaji wa kikuku: uzoefu wangu

Nilifanyiwa upasuaji wa sikio la kulia miaka 12 iliyopita kwa sababu ya otosklerosisi, ugonjwa ambao mfupa hukua isivyo kawaida karibu na kikuku, kile kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, hadi kikakwama na kushindwa kupitisha mitetemo ya sauti kwenda sikio la ndani. Daktari alitoboa tundu dogo kwenye wayo wa kikuku, akaweka pistoni, yaani kijiti bandia chenye kipenyo cha milimita 0.6, na kuifunga kwenye fuawe, kifupa kinachopakana na kikuku. Kizunguzungu kilidumu siku chache. Ladha ya chuma upande mmoja wa ulimi ilidumu miezi 3, kwa kuwa neva ya ladha hupita sikio la kati na ni rahisi kuguswa.

Kabla ya upasuaji, tofauti kati ya usikivu wa njia ya hewa (sauti inayopita tundu la sikio na vifupa vyake) na wa njia ya mfupa (mtetemo unaofika sikio la ndani moja kwa moja kupitia fuvu) ilikuwa desibeli 35; ikiwa ndogo, sauti inapita vizuri sikio la kati. Baada ya miezi michache ilishuka hadi 8, na mwaka huu ni 10, maana yake pistoni ingali inafanya kazi. Hata hivyo, sisikii kama nilivyosikia mwaka ule wa kwanza. Sauti nyembamba, kama za watoto, zimefifia, na watu wakizungumza kwa pamoja, sauti za s na f hunipotea. Nilihuzunika sana, nikiamini kwamba upasuaji umeharibika, hadi nilipozipanga odiogramu zangu zote, yaani chati za vipimo vya usikivu, kwa miaka na kuona kwamba mistari yote miwili, wa hewa na wa mfupa, imeshuka sambamba. Lililodhoofika ni sikio la ndani, kwa umri na pengine kwa ugonjwa wenyewe, na huko pistoni haifiki.

Hilo ndilo ningependa kuelezwa kabla ya kutia saini. Niliambiwa, na ni kweli, kwamba takriban wagonjwa 9 kati ya 10 hubaki na tofauti isiyozidi desibeli 10, na kwamba takriban 1 kati ya 100 huweza kupoteza usikivu wa sikio hilo kabisa; lakini takwimu hizo hazisemi mtu atasikiaje baada ya miaka 10. Kwa hiyo tunza kila odiogramu, na hakikisha mstari wa mfupa umepimwa pia, kwani tofauti ikianza kupanuka upya, huenda pistoni imehama au fuawe imelika, na upasuaji wa marudio haufanikiwi mara nyingi kama ule wa kwanza.

Ningekubali kufanyiwa tena. Sasa navaa kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, kinachoongeza sauti nyembamba tu. Sauti nzito bado nazisikia kwa sikio langu mwenyewe.