Mapango ya Amboni: nendeni, ila kandambili acheni nyumbani

Mimi nimezaliwa Ngamiani, hapa Tanga mjini, nimekulia Ngamiani, na aibu yangu naitoa hapa hapa, mpaka juzi nilikuwa sijawahi kuingia Amboni. Kilomita 8 tu kutoka mjini, barabara ya Horohoro, tunapita kila siku tukienda kwenye harusi za watu huko Mkinga na wala hatugeuzi shingo. Mpaka binamu yangu kaja na mkewe kutoka Dar wakagoma kuondoka bila kuona mapango, na mama mdogo naye akajitia kwenye safari, ila alisema wazi yeye ndani haingii, atakaa nje chini ya mti atungoje.

Tukapanda daladala mpaka njia ya kuingilia Kiomoni halafu bodaboda. Jamaa wa boda alimwona shemeji na kofia yake pana akatupiga bei ya watalii, kwa hiyo patana kabla hujapanda. Getini unalipa kiingilio, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni so beba kitambulisho, mnapewa mtu wa kuwatembeza, na kwangu mimi hela yote iko kwa huyu mtu. Mapango yapo 10 lakini wageni wanatembezwa moja tu, na hilo moja ukijidai unaenda mwenyewe utapotea mchana kweupe, japo mchana wenyewe humo ndani hakuna.

Kosa langu kandambili jamani. Kuna sehemu unatembea umesimama kama uko ukumbini, ukimulika juu dari huipati, hatua chache mbele unainama, unatambaa, jiwe linakukwangua mgongo, chini pamelowa panateleza na kandambili moja ikakatika mkanda nikaenda pekupeku mpaka mwisho. Joto lipo, harufu ya popo ipo, wenye pumu na wenye miili mikubwa jipimeni kwanza. Na tochi ya simu isikudanganye, beba tochi ya maana.

Sasa mawe. Haya ni mawe ya chokaa, umri wake wanasema kama miaka milioni 150, hapa pote palikuwa chini ya bahari, ndo chokaa hii hii wanayosaga saruji huku kwetu. Maji ya mvua yanapenya kwenye nyufa, yanaila chokaa taratibu mpaka linabaki tundu kubwa kama nyumba, halafu maji hayo hayo yakidondoka ndani yanaiacha chokaa tone kwa tone, juu inaning'inia kama nta ya mshumaa, chini inaota kama kichuguu. Nilisoma hivi vitu shule nikavisahau siku ya mtihani, pale nimesimama tone likanidondokea utosini nikaelewa lote. Kaka aliyetutembeza anapiga tochi ukutani anakwambia hii ramani ya Afrika, hili kochi, huyu mamba. Afrika niliikubali hapo hapo, ila yule mamba mimi niliona muhogo tu.

Stori zake ndo usiseme. Osale Otango aliyejificha humu miaka ya 1950 anasakwa na polisi wa mkoloni, alivyomsimulia utadhani alikuwepo. Kuna na ile ya pango kutokezea Mombasa, ambayo kila mtoto wa Tanga kaisikia kwa bibi yake, nikamuuliza mbona walipopima mwaka 1994 refu kuliko yote lilikuwa mita 900 hivi, akacheka akasema hao walipima walikofika. Jibu nimelipenda nalitumia mpaka nyumbani.

Tulipofika kwenye mzimu tukanyamaza wote. Kuna vitambaa, chupa za marashi, visahani, sarafu, watu wanakuja kuomba shida zao, wengi wanaomba kupata watoto. Usichukue kitu, usikanyage, na picha uliza kwanza. Kugeuka nyuma namwona mama mdogo, yule wa chini ya mti, sijui kaingia saa ngapi, kashika shati la binamu kwa nyuma na viatu kavua. Akasimama pale midomo inacheza, dakika kama tano, hakuna aliyemharakisha.

Mimi nawapa nyota 4, moja naikata kwa ajili ya mgongo wangu. Nendeni mchana wa saa tisa saa kumi, msiwe kundi kubwa maana wa nyuma hawasikii kitu, mkitoka subirini jua lizame muone popo wanavyotoka, wanamwagika kama moshi wa tanuri. Boda mkubaliane arudi kuwachukua, giza likiingia kule usafiri wa shida.

Njiani shemeji kaniuliza kwa sauti ya chini, hivi mama mdogo aliomba nini pale? Wana mwaka wa sita kwenye ndoa hao. Nikamwambia muulize mwenyewe.