Uzoefu wangu: usiku wa soul Memphis, mimi na Mjomba

Mjomba alipokuja kunitembelea Marekani alikuwa na ombi moja tu: nimpeleke Memphis akasikie soul, muziki wa Wamarekani weusi, ikipigwa na watu mbele yake. Ana miaka 74. Mwaka 1969 alikuwa kijana wa Dar es Salaam, na ndio mwaka ambao mkuu wa mkoa alipiga marufuku muziki huo jijini. Mwaka huo huo Operesheni Vijana, kampeni ya vijana wa TANU, ilikuwa inawaandama wavaa minisketi, mawigi na suruali za kubana. "Tulikatazwa ukumbini, tukahamia sebuleni," aliniambia njiani. "Dirisha tunafunga, santuri tunaipunguza sauti mpaka unasikia sindano inavyokwaruza." Kwa hiyo tiketi hizi sikuzinunua kama za starehe ya kawaida.

Mchana tulipita kwanza Stax, studio ya zamani iliyorekodi muziki wa soul, barabara ya McLemore. Studio yenyewe mwanzoni ilikuwa ukumbi wa sinema, na sakafu yake ya mteremko waliiacha hivyo hivyo walipoanza kurekodi. Jengo la zamani lilibomolewa mwaka 1989. Makumbusho ya sasa yalifunguliwa mwaka 2003 pale pale. Mjomba alisimama muda mrefu kwenye habari za Otis Redding, mwimbaji wa Stax aliyekufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967 akiwa na miaka 26. Hakusema kitu. Nami nikanyamaza.

Usiku tukaenda kwenye ukumbi mdogo, meza kama 30 hivi. Kiingilio dola 40 kwa mtu. Milango inafunguliwa saa moja, bendi inapanda saa mbili na nusu, na chakula unaagiza mezani. Kambare wa kukaanga alikuwa mzuri, mkavu nje na laini ndani. Viazi vilikuja vimepoa.

Nusu saa ya kwanza ilinikera, lazima niseme. Fundi mitambo alikuwa amezipandisha tarumbeta na saksafoni mpaka zikamfunika mwimbaji, mama wa makamo mwenye sauti ambayo haistahili kufunikwa na chochote. Tulikuwa tunaona mdomo unachezacheza tu. Nilimwita mhudumu nikamweleza kwa upole. Sijui kama ni yeye aliyefikisha ujumbe, lakini baada ya mapumziko mambo yalinyooka kabisa.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mjomba hakutaka santuri.

Kinanda chao kilikuwa Hammond, na pembeni yake spika ya Leslie, sanduku la mbao lenye kipembe cha kutolea sauti kinachozunguka ndani. Kikizunguka polepole, sauti inavuma kama mtu anayeguna kwa mawazo. Mpigaji akigusa swichi, kinashika kasi, na sauti inaanza kutetemeka mpaka unaisikia kifuani. Redio haikupi hiyo. Mpiga drams naye alikuwa na ile tabia ya Memphis ya kuchelewesha pigo kidogo, kiasi cha kukufanya usubiri. Mguu wako unatangulia, ngoma inakuja nyuma yako, na hapo katikati ndipo kiuno kinapopata nafasi yake. Mimi nimekulia kwenye sebene, muziki unaokusukuma mbele. Huu unakuvuta nyuma.

Kwenye sahani ya santuri wimbo wa taratibu unakwisha kwa dakika tatu, sauti inafifia tu. Hapa haukufifia. Maneno yaliisha, bendi ikabaki kwenye kibwagizo kimoja, na yule mama akaanza kuzungumza na watu: anatamka, ukumbi unajibu, anapandisha, waitikiaji wanampokea. Waimbaji wengi wa soul wametoka kwaya za makanisa, na huhitaji kuambiwa ukiwa mle ndani. Akashuka jukwaani akipita kati ya meza.

Alipofika kwetu, Mjomba aliinuka. Akatoa noti mfukoni na kumtunza mkononi, vile vile wanavyotunzwa waimbaji wa taarab kwetu. Niliogopa kidogo kwamba angeona vibaya. Aliipokea kwa mikono miwili, akamwinamia Mjomba, kisha akawageukia wapuliza saksafoni akawaonyesha vidole viwili. Wakakirudia kile kibwagizo mara mbili zaidi, kwa ajili yake. Mjomba akacheza palepale alipo, hatua fupi fupi, mabega yametulia, macho amefumba. Kijana wa meza ya jirani alisogeza kiti chake ili kumpa nafasi.

Ningempa mtu ushauri gani? Aende Jumamosi na afike mapema, kwa sababu meza hazina namba na za mbele zinajaa haraka. Asikae karibu na mlango wa jikoni kama tulivyokaa sisi mwanzoni. Na asiondoke wakati wa mapumziko, hata kama kipindi cha kwanza hakikumridhisha. Watu wa meza mbili waliondoka, nikawasikitikia.

Mjomba anarudi Dar mwezi ujao, lakini ameshaniuliza bendi inapiga lini tena. Safari hii nitawahi meza ya kushoto, ile iliyo karibu na sanduku la Leslie, na nitakuwa nimemchenjia noti ndogo ndogo za kutosha.